Indingidi Iliyotoka Kwenye Atelye ya Miguu

Mmeniomba niandike, ninyi niliowaachia meza zangu, na mmenipa daftari jipya kama vile naanza darasa la kwanza. Haya. Lakini nawaonya mapema: kama mnatafuta habari za vyeo, nani alipanda lini na nani alimruka nani, kawaulizeni wengine. Mimi niliingia atelye, karakana yetu, nikiwa mshona mikanda, nimetoka nikiwa mshona mikanda anayejua na mambo mengine. Nitaandika kazi. Najua mnachongojea hasa ni ile habari ya indingidi, ambayo kila mmoja wenu anaisimulia kwa uongo wake mwenyewe. Nayo nitaifikia kwa zamu yake.

Nilizaliwa mtaa wa Buyenzi, na baba yangu alikuwa fundi viatu. Nilishika sindano ya ngozi kabla sijashika kalamu, ndiyo maana atelye ya viungo bandia ilinichukua. Walihitaji mtu wa kushona mikanda ya miguu, na wanaume wote waliojaribiwa walikuwa wanashona kama wanaofunga magunia ya muhogo. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Mzee Sefu, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka kabla ya saa sita. Siku yangu ya kwanza hakunisalimu. Alinitazama, akaniketisha, akanifunga mguuni ganda la plasta, gumu na tupu, akalikaza kwa kamba, akaniambia niende hivyo hivyo mpaka mtaa wa maduka wa Asiatique nikanunue uzi wa nta.

Nikaenda. Wallahi nilikwenda, kwa sababu nilijua anangoja niseme siwezi. Wenye maduka walinicheka, mmoja akaniuliza kama nimetoroka hospitali. Niliporudi kifundo cha mguu kilikuwa kinatoka damu. Mzee Sefu akalifungua ganda, akabandika ndani yake kitambaa kinene cha sufu, kile tunachokiita fetri, akanifunga tena, akasema uzi niliouleta si wenyewe, nirudi nikaubadilishe. Uzi ulikuwa wenyewe kabisa. Nikaenda na kurudi mara ya pili bila maumivu, na hapo ndipo aliponipa somo: kitu kigumu hakigusi mwili kikiwa uchi. Penye mfupa weka fetri, penye ncha weka fetri, penye shaka weka fetri. Sheria hiyo nimeishika kuliko sheria nyingi za serikali, na mtaona huko mbele ilivyonifanya.

Alinifundisha pia kuuliza swali moja kabla ya kupima chochote: unafanya kazi gani? Fomu yetu haina swali hilo. Fomu inauliza umri, mkoa, kiungo kilichokatwa, kulia au kushoto. Mzee Sefu alikuwa anaisukuma fomu pembeni, anavuta kigoda, anauliza. Kama ni mkulima, alitaka kujua analima bondeni au mlimani. Kama ni mama wa sokoni, anakaa chini au anatembeza. Alikuwa akisema mguu wa mtu anayekaa na mguu wa mtu anayepanda si ndugu, na alifanya kazi hivyo mpaka macho yakamkataa. Aliponiachia meza yake aliniachia na kigoda, na kisu changu cha kukatia ngozi kilikuwa cha baba, kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kikabaki chembamba. Zaidi ya hapo nilikuwa na sindano tatu na nyundo ya mbao.

Kisha ikaja miaka mibaya, na waliohitaji miguu wakawa wengi kuliko mbao za kuitengenezea. Hiyo sitaiandika. Waliokuwepo wanajua, na ninyi ambao hamkuwepo mshukuruni Mungu. Nitasema tu kwamba tulishona, siku zote tulishona.

Baada ya hapo ninamkumbuka sana bwana mmoja aliyekuwa akishusha ndizi mjini kwa baiskeli kutoka milimani. Alipewa mguu mzuri, uliotoka kwenye katalogi, akaukataa: unyayo wake ulikuwa unateleza kwenye pedali. Shefu wa wakati ule, mkuu wa atelye, akasema mguu ni wa kutembelea, si wa baiskeli. Nikamngoja shefu aende kula, nikauchonga unyayo mfereji wa upana wa pedali. Miaka ikapita, yule bwana akarudi na mguu umelika nusu nzima, anataka mwingine wa namna ile ile, na shefu mwingine akauliza ni nani aliyeuharibu unyayo. Nikamwambia ni mimi, na huu mpya nitauharibu pia. Mzigo wa mwenzio kanda la sufi, na hakuna anayeupima mzigo huo kwa mbali kama mtu wa ofisini.

Karibu na mwisho wa kazi yangu, wafadhili wakatuletea mashine ya kuchapa vitu. Unachora kitu kwenye kompyuta, nayo inayeyusha uzi wa plastiki na kukijenga tabaka juu ya tabaka. Mafunzo yalikuwa siku tatu. Jina langu halikuwemo. Shefu wetu, huyu wa mwisho, mtu wa tai na makaratasi, alisema mbele ya watu kwamba mashine hii si ya mama wa ngozi, na kwamba ningesaidia sana kama ningeangalia chai. Nikaiangalia chai. Nikaiangalia nikiwa nimesimama nyuma ya mkufunzi, siku zote tatu, birika mkononi, na kila alipobonyeza nikaona alipobonyeza.

Ninyi mlipokuwa mnakwenda kula mchana, mimi nilikuwa nachapa. Nilianza na kifungo cha koti, kikatoka kama kinyesi cha mbuzi. Kifungo cha tano kilitoka kifungo. Nilijifunza kuchora kwa kuunganisha maumbo mepesi, bomba hapa, sanduku pale, toboa tundu katikati, maana kupima nilikuwa najua kabla mkufunzi hajazaliwa. Nilijifunza kwamba kitu kirefu kikichapwa kimesimama kinavunjika kwenye matabaka, kwa hiyo kilaze. Nilijifunza kutoanza kitu kinachochukua saa sita siku ambayo umeme umeshakatika mara mbili, kwa sababu ukikatika ya tatu unabaki na nusu kitu, na jenereta isiyo na mafuta ni kabati tu. Shefu alipogundua kwamba najua, chai akampa mtu mwingine.

Sasa indingidi. Mzee Balthazar aliletwa na mke wake, Mama Consolata, kutoka mtaa wa Musaga. Mashine ya kusaga mahindi ilikuwa imemkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Kigutu kilikuwa kimepona vizuri, na shefu alikuwa amekwisha kumwandikia mkono wa kuvaa: plastiki, rangi nzuri, vidole vitano vilivyokunjika kidogo, kazi yake kujaza mkono wa shati. Nikavuta kigoda, nikamuuliza swali langu. Mke wake ndiye aliyejibu. Alisema mume wake ni mpiga indingidi, na kwa ambaye hajaiona, ni kopo lililofunikwa ngozi, na mti, na uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde huku mpigaji anaimba. Hakuna harusi wala mahari ya jamaa zao iliyofanyika bila yeye. Siku aliyotoka hospitali aliichukua indingidi yake, aliyoitengeneza mwenyewe akiwa kijana, akaitia kwenye moto wa jikoni, na maharage ya jioni yakaivia hapo. Tangu siku hiyo hajaimba. Mama Consolata aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama mwenye kuomba radhi.

Mzee Balthazar akauinua ule mkono wa plastiki kwa mkono wake wa kushoto, akautazama juu na chini, akaurudisha mezani taratibu.

“Hii haiwezi kitu, mama,” akasema.

Nikaenda kwa shefu kama mtu mwenye adabu, nikabisha, nikangoja kuitwa. Nikamweleza kwamba mkono wa kushoto wa huyu mzee ni mzima, na ndio unaobonyeza uzi. Kinachomkosesha ni wa kulia wa kushika upinde, na pia kukaza uzi, kwa sababu kigingi cha mti kinataka mkono mmoja ukizungushe na kukisukuma huku mwingine unajaribu sauti. Nikasema naweza kumtengenezea kikombe cha kuvaa kwenye kigutu chenye kishikio cha upinde, na indingidi mpya ambayo mtu wa mkono mmoja anaweza kuikaza. Akanijibu kwamba mashine imeletwa kwa viungo, si kwa vinanda. Nikamwambia kwa huyu mtu kiungo ni hicho. Akasema mazungumzo yamekwisha. Mimi nikasema moyoni liwalo na liwe, nikarudi mezani kwangu nikachukua mita.

Nawaandikia jinsi nilivyofanya, ili atakayekuja na shida ile ile asianze na kifungo cha koti. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, nikalikata kitako. Ngozi ya mbuzi niliipata Buyenzi, nikailoweka usiku mmoja, nikaivuta juu ya kopo na kuifunga kwa uzi wa nta, ikakauka ikalia. Mti ulikuwa wa mkalatusi. Uzi niliuchomoa kwenye kebo ya breki ya baiskeli, mmoja tu, mwembamba. Nilivyochapa ni vitu vinne: kola ya kushika mti kwenye kopo, kidaraja cha kuusimamisha uzi juu ya ngozi, kigingi, na kikombe cha kigutu. Kigingi ndicho kilichonitesa. Nilikitia meno na ulimi wa kuyazuia, ili kizunguke upande mmoja na kisirudi nyuma, na kichwa chake nikakifanya kipana, aweze kukisukuma hata kwa kidevu. Viwili vilikatika meno, kimoja umeme ulikimalizia njiani, cha nne kikashika. Plastiki nilitumia mabaki, vile vipande vya mwisho wa koili ambavyo vilikuwa vinatupwa.

Na kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa Mzee Sefu, nikamaliza kazi vizuri, kama nilivyomaliza miguu yote ya maisha yangu. Kila ncha nikailainisha. Ndani ya kikombe nikabandika fetri. Chini ya miguu ya kidaraja nikabandika fetri. Ndani ya kola, kati ya mti na kopo, nikabandika fetri. Niliipapasa pande zote nikaona haimuumizi mtu popote, nikafurahi.

Mzee Balthazar alikuja siku tuliyokubaliana. Nilimfunga kikombe, nikauingiza upinde kwenye kishikio, akauinua na kuushusha mara mbili tatu hewani, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Akaweka indingidi ubavuni, vidole vya kushoto kwenye uzi, akavuta. Ikatoka pumzi. Siwaambii sauti, nawaambia pumzi, kama mtu anayepuliza uji. Akasema ni utomvu haujatosha kwenye upinde. Tukapaka utomvu. Akavuta tena, polepole, halafu kwa nguvu, akabadilisha pembe ya kiwiko, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Pumzi ile ile. Mama Consolata alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa natazama kikombe, nikiamini kosa liko kwenye kigutu, na nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia naona haya: kwamba asichoke, mkono utazoea.

“Apana,” akasema. “Mukono ulikufa. Mi nilijua, nikakuacha tu ujaribu.”

Akavua kikombe kwa meno, akakiweka juu ya kopo, akatoka. Hakuuchukua hata ule mkono wa shefu. Wiki mbili hakuja, simu hakupokea, na mimi nikashinda najiambia kwamba nimefanya nilichoweza, maneno ambayo fundi huyasema akitaka kulala.

Siku moja shefu akaagiza meza zisafishwe, kuna wageni. Nikaichukua ile indingidi niitoe machoni, na kidole changu kikaukwaruza uzi bila kukusudia. Ikatoa sauti ya mtu anayepiga godoro. Nikaukwaruza tena, safari hii kwa makusudi. Godoro. Nikasimama pale na mikono yangu miwili mizima, na ndipo akili iliponijia: mkono wangu haujakatwa, basi kwa nini na mimi hailii? Nikalegeza uzi, nikageuza kidaraja, nikaiona fetri chini yake, safi, imekatwa vizuri, gundi haikuvuja hata tone. Nilikuwa nimekifunika blanketi chombo ambacho kazi yake yote ni kutetemeka. Nilijitukana kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa Kifaransa kidogo nilichonacho. Nikachukua kisu cha baba nikaikwangua ile fetri, chini ya kidaraja na ndani ya kola, mpaka plastiki ikagusa ngozi na mti ukagusa kopo. Nikavuta upinde. Ikapiga kelele mpaka mmoja wenu akaangusha koleo. Ile ya ndani ya kikombe niliiacha, hiyo ilikuwa mahali pake.

Sikufurahi, msije mkadhani. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Kumharibia mtu kazi ni jambo moja, fundi hukosea. Lakini mimi nilikuwa nimemfanya mtu aamini kwamba yeye ndiye aliyekufa, na akaenda nyumbani na imani hiyo, wiki mbili nzima.

Asubuhi ya pili nilikuwa Musaga. Mama Consolata alinifungulia, akanionyesha uani. Mzee Balthazar alikuwa amekaa na ungo mapajani anachambua maharage kwa mkono wa kushoto, moja moja. Aliiona indingidi kwenye mfuko akageuza uso. Nilikuwa nimejitungia maneno mengi njiani, yote yakanipotea.

“Mzee Balthazar, nisamehe,” nikamwambia. “Mukono wako ni muzima. Mi ndo niliua sauti. Niliweka kitambaa chini ya kidaraja, kama ninavyoweka kwa mguu wa mutu.”

Akachambua maharage mengine, pengine kumi, pengine ishirini, nami nimesimama. Kisha akaweka ungo chini, akanyoosha mkono, nikampa. Akakigusa kidaraja kwa dole gumba, akainama kutazama chini yake. Akagonga ngozi, akatega sikio. Akaninyooshea kigutu nikifunge kikombe.

Mvuto wa kwanza ulikuwa mbaya, kama mlango wa bati. Wa pili nao. Akasogeza kiwiko, akakisukuma kigingi kwa kidevu meno mawili, ule mlio wa meno ukamshangaza, akakisukuma la tatu kwa kuupenda tu. Halafu akavuta, na sauti ikatoka ndefu, imenyooka, jirani mmoja akachungulia juu ya ua. Akaimba. Mnajua wapiga indingidi walivyo, hawakuachi salama. Aliimba kwa Kirundi habari za mama mmoja wa Buyenzi mwenye huruma kupita kiasi, aliyeona indingidi inatetemeka akadhani ina baridi, akaifunika blanketi. Mama Consolata alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, na machozi yananitoka, na sikuyafuta.

Ingeishia hapo kama si harusi. Alialikwa kupiga huko mtaa wa Kibenga, watu wakamrekodi kwa simu, na video ikazunguka mpaka ikafika kwenye simu ya shefu, kola niliyoichapa, ya rangi ya machungwa, inaonekana wazi kabisa. Miezi mitatu kabla ya kustaafu nikapewa barua ya kuomba maelezo, ile ambayo wote mnaiogopa. Ilisema nimetumia mashine na plastiki ya mradi kwa kitu kisicho cha tiba. Ilisema niandike kuomba msamaha. Ilisema tena kwamba vifaa vyote vilivyochapwa, pamoja na kikombe, vikusanywe kutoka kwa mhusika na kurudishwa stoo ndani ya siku saba.

Mlinizunguka siku ile, nakumbuka. Mlinishauri kwa upendo: Mama Zuhura, andika tu, ni karatasi, kesho unaondoka zako. Mmoja wenu alikuwa ameshanitungia na barua yenyewe, ya Kifaransa kizuri, imejaa masikitiko. Mimi nikaona wazi yule mzee akifunguliwa kikombe uani kwake, mbele ya mke wake, na kigutu kikarudi kuwa kigutu. Kwa ajili ya stoo, ambako kingekaa karibu na ule mkono wa vidole vitano. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka, na sikuona sababu ya kuishusha.

Kwa kuwa kila mmoja ana toleo lake la nilichoandika, hili hapa lenyewe, sikuongeza wala kupunguza:

“Shefu. Ni kweli nilifanya kosa katika kazi hii. Niliweka fetri mahali pasipotakiwa fetri, na mtu akaumia kwa sababu yangu. Nilikwenda Musaga nikamwomba msamaha mwenyewe niliyemkosea, akanicheka, akanisamehe. Msamaha mwingine sina. Kuhusu vifaa, viko kwenye mkono wa mwenyewe, na kwenye fomu yake nimeandika kwamba mkono wa kulia amekwisha kupewa. Anayevitaka aende akamvue.”

Nikatia sahihi, nikaipeleka mwenyewe, nikaiweka juu ya meza yake. Aliisoma mbele yangu mpaka mwisho, akaivua miwani, akaniuliza anwani ya mhusika. Nikampa: Musaga, aulize tu kwa mpiga indingidi, mtoto yeyote atampeleka. Siku saba zikapita, miezi mitatu ikapita, nami nikastaafu. Mpaka leo hakuna aliyekwenda.